Dirisha la Methadoni: Tathmini ya Huduma ya Dar es Salaam kwa Kipimo cha Utafiti wa Dunia

Katika huduma za afya zinazotolewa bila malipo nchini Tanzania, sijui nyingine inayosemwa vibaya na watu ambao hawajawahi kuitia machoni kama kliniki ya methadoni, dawa inayotibu uraibu wa heroini. Wapo wanaodai kwamba pale mateja hugawiwa unga wa Serikali, na wapo wanaoamini kwamba mgonjwa akinywa dozi leo, wiki ijayo atarudi nyumbani akiwa amepona kabisa. Nimekuwa nikimsindikiza mpwa wangu katika mojawapo ya kliniki hizo jijini Dar es Salaam kwa muda wa kutosha kuizoea foleni yake, dirisha lake na wahudumu wake, na kwa kuwa napenda kusoma machapisho ya utafiti kabla ya kumeza hata kidonge cha kichwa, nimeamua kuipima huduma hii kwa yale ambayo watafiti wa uraibu duniani wameyathibitisha. Kliniki yenyewe sitaitaja, kwa sababu baadhi ya ninayoyalalamikia nimeyaona hapo tu, na haitakuwa haki kuyatwisha mabegani mwa wengine.

Nianze na dawa yenyewe. Methadoni ilitengenezwa kwa mara ya kwanza Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930 kama dawa ya maumivu, lakini matumizi yake katika uraibu yalianza New York katikati ya miaka ya 1960, pale daktari Vincent Dole na mwenzake Marie Nyswander walipochapisha mwaka 1965 matokeo ya wagonjwa 22 wa heroini waliopewa dawa hiyo kila siku. Hoja yao ilikuwa kwamba uraibu wa heroini ni ugonjwa unaohitaji dawa ya muda mrefu, kama kisukari kinavyohitaji insulini, na kwamba kumlaumu mgonjwa kwa udhaifu wa tabia hakumtibu. Methadoni hukaa katika vipokezi vilevile vya ubongo vinavyokaliwa na heroini, ila hufika polepole ikinywewa na hudumu mwilini kwa zaidi ya siku nzima, kwa hiyo mgonjwa hapati ule mpandisho wa ghafla na wala hapatwi na arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, baada ya saa chache. Mtu aliyewahi kumwona kijana akijikunja kwa arosto, makamasi yakimtoka, tumbo likimsokota na mifupa ikimuuma, ataelewa kwa nini jambo hilo moja tu linatosha kumrudisha mtu kazini.

Kuhusu kama dawa inafanya kazi, utafiti umekwisha kusema na haubishaniwi tena na wataalamu walio makini. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la BMJ la Uingereza, uliojumlisha zaidi ya watu 120,000 waliotibiwa kwa methadoni, ulikuta vifo 11.3 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka miongoni mwa waliokuwa ndani ya tiba, na vifo 36.1 miongoni mwa waliokuwa wametoka. Uchambuzi huohuo ulionyesha kwamba hatari kubwa ipo katika wiki nne za mwanzo za tiba na katika wiki nne za kwanza baada ya kuiacha. Shirika la Afya Duniani liliiingiza methadoni, pamoja na buprenofini, dawa nyingine ya kutibu uraibu wa heroini, katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005. Kwa hiyo anayeuliza kama Serikali inapoteza fedha katika dirisha hili anauliza swali lililokwisha kujibiwa. Lililobaki ni kama dirisha linaendeshwa jinsi inavyopasa.

Kwa Afrika, Morisi ilitangulia mwaka 2006. Tanzania ikafuata Februari 2011 kwa kufungua kliniki katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, baada ya heroini ya kujidunga kuenea mijini na kuzidisha maambukizi ya VVU na homa ya ini. Baadaye huduma ilifika Mwananyamala, Temeke, Zanzibar na mikoa mingine. Kenya ilianza mwishoni mwa 2014 katika Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, kisha ikateremka Malindi na Mombasa, mahali ambapo ukanda wa pwani ulikuwa umeumia muda mrefu. Kwa nchi zenye bajeti ndogo ya afya, hatua hizo zilihitaji ujasiri, na naziheshimu.

Sasa dirisha lenyewe. Mgonjwa hapokelewi kwa kujitokeza tu. Kwa kawaida hupitia asasi ya kijamii ambayo wahudumu wake humfuata maskani, humwandaa, humpima utayari, ndipo humleta kliniki akapimwe mkojo, VVU, kifua kikuu na homa ya ini. Baada ya hapo huja kila siku, pamoja na Jumapili na sikukuu. Anapofika hutaja jina na namba, muuguzi humtazama usoni kwa makini, kisha dawa ya maji hutolewa kwa pampu ndani ya kikombe kidogo, naye hunywa papo hapo. Akishameza, huulizwa swali. Mpwa wangu huulizwa na muuguzi mmoja mtu mzima, "Umelalaje, mwanangu?" naye hujibu, "Salama, mama, nimelala mpaka alfajiri." Nilidhani ni ukarimu tu, mpaka nilipogundua kwamba mtu anayezungumza hawezi kuwa ameificha dawa mdomoni ili akaiuze nje ya geti. Yule mama huufanya ukaguzi huo kwa namna ambayo hakuna anayejiona anakaguliwa, na kwa hilo ninampa alama zote. Mgonjwa anayenuka pombe husimamishwa kando kwa upole, kwa sababu methadoni na pombe kwa pamoja huweza kuzima pumzi, na nimeona kijana mmoja akigomba hadi akachoka, muuguzi akiendelea kumwambia kwa sauti ileile aketi kivulini, aje aangaliwe tena baadaye.

Eneo la kwanza ambalo naona kliniki hii inabaki nyuma ya utafiti ni kipimo cha dozi. Kuanza kwa miligramu 15 hadi 30 ni sahihi, kwani dawa hujilimbikiza mwilini kwa siku kadhaa na dozi kubwa ya mwanzo imeua watu. Tatizo hutokea baadaye. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema wagonjwa wengi huhitaji kati ya miligramu 60 na 120 kwa siku, na utafiti uliowafuatilia wagonjwa wa mwanzo wa Muhimbili ulionyesha kwamba waliopewa dozi kubwa walibaki katika tiba zaidi kuliko waliopewa ndogo. Hata hivyo nimewasikia wagonjwa, na wakati mwingine hata watumishi, wakisifu dozi ndogo kama ishara ya uungwana, na mwenye dozi kubwa akitazamwa kama mlafi. Mpwa wangu mwenyewe aliomba apunguziwe mapema kwa sababu ya maneno ya aina hiyo, na laiti daktari asingemkatalia, sina shaka angekuwa amerudi kijiweni. Hapa hakuna uhaba wa fedha wala wa dawa. Mtazamo tu ndio unaohitaji kurekebishwa, na ungerekebika kwa kikao kimoja kizuri cha elimu.

Jambo la pili ninalitaja kwa furaha zaidi. Kifua kikuu ni jirani wa karibu wa wanaojidunga, na dawa ya rifampisini, iliyo nguzo ya tiba yake, hulichochea ini kuivunja methadoni upesi, hivi kwamba mgonjwa aliyekuwa ametulia huanza kupata arosto akiwa bado anakunywa dozi yake kamili. Baadhi ya dawa za zamani za VVU, kama efavirenzi na nevirapini, hufanya vilevile. Katika kliniki isiyojua jambo hilo, mgonjwa angeshukiwa kwamba ameanza tena unga au kwamba anatamani dozi ya bure. Katika hii, daktari alimwongezea mgonjwa mmoja ninayemfahamu dozi yake kwa hatua mara alipoanza dawa za kifua kikuu, na akampangia kushusha atakapozimaliza. Dawa za kifua kikuu na za VVU zenyewe hutolewa hapohapo, mgonjwa asihangaike na foleni tatu katika majengo matatu. Watafiti wa nchi nyingi wamekuwa wakihimiza kuunganisha tiba kwa namna hii, na nathubutu kusema kwamba katika hili Dar es Salaam imeipita miji mingi tajiri, ambako daktari wa uraibu na daktari wa mapafu hawajawahi hata kusalimiana. Kuhamia kwa dolutegraviri, dawa mpya zaidi ya VVU ambayo haigombani na methadoni, kumepunguza nusu ya kichwa kuuma kwa upande wa VVU.

Kero kubwa kuliko zote ni nauli. Dawa ni bure, lakini mtu anayekaa pembezoni mwa jiji hulazimika kupanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kila siku ya Mungu, kwa miaka. Kijana aliyepata kibarua cha ujenzi huambiwa afike kazini saa 12 asubuhi, ilhali dirisha bado limefungwa. Akichagua dozi anakosa kibarua, na akichagua kibarua, jioni arosto inamfuata. Siku ya mvua kubwa, mafuriko yakifunga barabara, wote hukosa. Tafiti zilizofanyika Tanzania kwenyewe zimetaja nauli na umbali miongoni mwa sababu kuu za watu kuacha tiba, na wala si habari ya kuwashangaza wahusika. Kinachokera ni kwamba jambo hili limepata ufumbuzi kwingineko. Uingereza na Australia humruhusu mgonjwa kunywa dozi katika duka la dawa la mtaani kwake. Marekani, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa na masharti makali mno, ililegeza kamba Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, ikawaruhusu wagonjwa waliotulia wachukue dozi za hadi siku 28 nyumbani na wengine za hadi siku 14. Watafiti walitazama kwa wasiwasi kama vifo vya methadoni vingepanda. Tafiti nyingi hazikuona hatari iliyohofiwa, na mwaka 2024 ruhusa hiyo ikafanywa ya kudumu. Katika kliniki ninayoizungumzia, mpwa wangu, ambaye mkojo wake umekuwa safi kwa kipindi kirefu, hajawahi kukabidhiwa hata dozi ya Jumapili. Naelewa hofu ya dawa kuuzwa mitaani au kunywewa na mtoto kwa bahati mbaya, kwani hofu hiyo ina msingi, lakini kisanduku chenye kufuli na masharti ya kurudisha chupa si teknolojia ya kwenda mwezini.

Utafiti wa dunia kwa sasa unaelekea kwenye dawa zinazokaa mwilini muda mrefu. Buprenofini ya sindano ya kila mwezi iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2017, na ya wiki au mwezi ikaidhinishwa Ulaya mwaka uliofuata. Mgonjwa hudungwa chini ya ngozi, akaenda zake kulima, kuvua au kuendesha bodaboda, asionekane tena kliniki mpaka tarehe yake. Kwa mvuvi wa Kilwa au kwa mama anayeuza maandazi, sindano hiyo ingekuwa na maana kubwa kuliko kwa karani wa London, lakini bei yake imeifungia katika nchi tajiri. Hata hivyo sipendi shauku inayotupa methadoni kama kitu kilichopitwa na wakati, kwani majaribio mengi yaliyozilinganisha dawa hizi mbili yameonyesha kwamba methadoni huwashikilia wagonjwa katika tiba vizuri zaidi kuliko buprenofini ya vidonge. Mwenye hali nzito hunufaika na dirisha na swali la yule mama. Aliyekwisha kutulia anahitaji kuachiwa maisha yake.

Wanawake ni wachache sana katika foleni. Unaweza kukaa asubuhi nzima ukawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na si kwamba hawapo maskani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu dawa za kulevya ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba watu milioni 64 duniani wana matatizo ya uraibu wa dawa hizo na kwamba mmoja tu kati ya 11 ndiye aliye katika tiba. Kwa wanaume uwiano ulikuwa mmoja kati ya saba, na kwa wanawake mmoja kati ya 18. Ukiketi kwenye benchi la kliniki hii unaelewa sababu bila kuhitaji ripoti. Hakuna kona ya mtoto, foleni ni moja, na mwanamke anayepita mbele ya vijana wale hutupiwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Wengine wana wapenzi wanaotumia unga na wasiotaka waondoke. Saa moja tu iliyotengwa kwa ajili ya wanawake peke yao, pamoja na mhudumu wa kike wa kuwapokea, ingegharimu kiasi gani? Nimeiuliza kliniki swali hilo na nikajibiwa kwamba suala linashughulikiwa.

Ushauri nasaha upo, ila ni wa kubahatika. Mshauri ni mmoja kwa umati mkubwa, chumba chake hakina mlango unaofunga, na mazungumzo mengi huishia kwenye mawaidha.

Pengo linalonitia hofu zaidi ni dawa ambazo methadoni haizigusi. Desemba 2023 mamlaka za Tanzania zilitangaza kukamatwa kwa kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, na mtu yeyote anayetembea mjini usiku anajua kwamba dawa hizi za kusisimua zimeingia. Kwa methamfetamini na kokeini hakuna mahali popote duniani penye dawa iliyokubalika kama methadoni ilivyokubalika kwa heroini. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2021 lilichanganya sindano ya naltreksoni na vidonge vya bupropioni, na waliopata nafuu walikuwa asilimia 13.6 dhidi ya asilimia 2.5 ya waliopewa dawa bandia. Ni tofauti ya kweli, lakini bado wengi mno waliachwa palepale walipokuwa. Kinachoonyesha matokeo bora zaidi ni njia ya kumtuza mgonjwa kwa vocha au zawadi ndogo kila anapoleta mkojo safi, njia inayowachukiza wanasiasa wa kila nchi kwa sababu inaonekana kama kumlipa mtu kwa kutofanya kosa. Kliniki yetu haina lolote la kumpa mtumiaji wa methamfetamini zaidi ya kumsikiliza. Vivyo hivyo kwa pombe, ambayo kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani ilisababisha vifo milioni 2.6 mwaka 2019 huku dawa za kulevya zikisababisha takriban milioni 0.6. Wapo wagonjwa walioacha unga wakahamia kwenye gongo, na katika takwimu za kliniki wanahesabiwa kama waliofanikiwa.

Naloksoni nayo inastahili neno. Dawa hii humzindua mtu aliyezidisha heroini kwa dakika chache, na tangu 2014 Shirika la Afya Duniani limependekeza iwekwe mikononi mwa jamaa na marafiki, kwa kuwa wao ndio wanaokuwapo mtu anapokata pumzi. Marekani iliruhusu ya kupuliza puani iuzwe bila cheti cha daktari mwaka 2023. Kliniki yetu inayo katika kabati la dharura, lakini hakuna mzazi wala rafiki niliyemwona akipewa au akifundishwa kuitumia. Zamani ningeona ni dosari ndogo. Baada ya Afghanistan kupiga marufuku kilimo cha afyuni Aprili 2022 na uzalishaji wake kushuka kwa takriban asilimia 95 mwaka uliofuata, watafiti wamekuwa wakitazama kama wauzaji watajaza pengo kwa sumu za maabara zenye nguvu kuliko heroini. Huko Sierra Leone, ambako dharura ya taifa ilitangazwa Aprili 2024 kwa sababu ya kushi, dawa ya kulevya ya kuvuta, vipimo vimekuta ndani yake dawa za kundi la nitazeni, ambazo ni sumu za maabara za aina hiyo. Heroini ya pwani yetu hutoka Afghanistan, hivyo kusubiri hadi vijana waanze kukutwa wamekufa vichochoroni ndipo naloksoni itoke kabatini ni kuchelewa.

Naona pia ni haki kuitetea kliniki kidogo. Sehemu kubwa ya utafiti wa uraibu hugharamiwa na Marekani, hasa kupitia NIDA, taasisi yake ya kitaifa ya utafiti wa dawa za kulevya iliyoanzishwa mwaka 1974, na maswali yanayopata fedha ni yale yanayowaumiza wao: fentanili, ambayo ni dawa ya maabara yenye nguvu kuliko heroini, vidonge vya maumivu vya hospitali, na siku hizi dawa za kisukari na unene kama semaglutaidi, ambayo mwaka 2025 jaribio dogo la watu 48 lilionyesha kwamba hupunguza hamu ya pombe. Swali la namna ya kumfikishia dozi mtu wa Mbagala asiye na nauli halimpi mtafiti wa Boston jina kubwa. Linajibiwa na wauguzi wetu wenyewe, na wengi wao hawana muda wa kuandika makala.

Familia nyingi huuliza kama si afadhali kumpeleka kijana katika nyumba ya upataji nafuu. Nimetembelea baadhi, Zanzibar na Bara, na zinazoendeshwa vizuri humpa mtu nidhamu, wenzake na mahali pa kulala mbali na maskani. Hutoza ada ya mwezi, wakati mwingine nzito, na nyingi humtaka mtu aache kila kitu, methadoni pia. Hapo tahadhari inahitajika, kwa sababu aliyekaa miezi bila heroini hupoteza ustahimilivu wake, na akirudia kete, yaani kipimo cha heroini, aliyoizoea zamani inaweza kumuua. Kama kijana anatumia heroini kila siku, ningeanza na kliniki, na nyumba ingefuata iwapo inakubali aendelee kunywa dozi.

Kwa anayetaka kwenda: ulizia kwanza asasi inayofanya kazi na waraibu katika wilaya yako, kwani ndiyo inayofungua mlango, ukifika hospitali peke yako utazungushwa. Mgonjwa asindikizwe na ndugu katika siku za mwanzo, abebe kadi zake za kifua kikuu au VVU kama anazo, na aseme wazi dawa zote anazotumia. Fikeni mapema, kwa maana mchana foleni hurefuka na jua ni kali. Asipunguze dozi kwa kusikiliza maneno ya benchi, na akikosa siku kadhaa mfululizo amweleze muuguzi kabla ya kunywa, kwa kuwa dozi ya zamani huenda ikawa kubwa kupita kiasi kwa mwili uliopumzika. Nauli itengwe kwenye bajeti ya nyumba kama inavyotengwa kodi ya chumba.